Bakilinki: maswali mnayouliza kila wiki kuhusu kuzichambua

Mifano mingi humu ni ya saiti za utalii za Arusha na Zanzibar, maana hao ndo wanaouliza sana, ila ukiwa na duka, shule au blogu ya mapishi mambo ni yaleyale. Kama swali limejibiwa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## MAMBO YA MSINGI

Bakilinki ni kitu gani hasa?

Ni linki iliyoko kwenye saiti ya mtu mwingine inayomleta msomaji kwenye saiti yako. Basi. Msafiri wa Ujerumani akiandika kwenye blogu yake jinsi alivyopanda Kilimanjaro na akaweka linki ya kampuni yako, umepata bakilinki moja. Zile unazojiwekea kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ndani ya saiti yako ni linki za ndani, zina kazi yake lakini humu hatuzigusi.

Tenganisha mapema vitu viwili: idadi ya linki na idadi ya domeni (saiti zenyewe, kwa majina yao kama example.com) zinazokulinki. Saiti moja ikiweka linki yako pale chini kabisa panapojirudia kila ukurasa, na ina kurasa 4,000, programu zitakwambia una bakilinki 4,000, wakati ukweli umetajwa na mtu mmoja. Kwa hiyo mtu akikutambia ana linki elfu nne muulize kwanza zimetoka domeni ngapi.

Kwani Google inahangaika na linki kwa nini?

Kwa sababu ndo mtaji iliyoanza nao. Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi Stanford walikuwa na mradi unaitwa BackRub, kazi yake kufuatilia nani kamlinki nani, ikatoka humo PageRank, njia ya kuupima ukurasa kwa linki zinazouelekea, na kampuni ya Google ikaanzishwa 1998. Injini za utafutaji za wakati ule ziliangalia zaidi maneno yaliyomo kwenye ukurasa, sasa mtu akirudiarudia neno anapanda juu bila kazi, wao wakasema ngoja tuangalie wengine wanasemaje kuhusu ukurasa huo, na huyo anayesema ni nani. Fundi gari akisifiwa na mafundi wenzake unampelekea gari, akisifiwa na mjomba wake unauliza tena.

Hapo kwenye "ni nani" ndo uchambuzi wote ulipo. Kuhesabu linki hata mtoto anaweza, kazi ni kujua nani kakutaja, wapi, kwa maneno gani na kakupeleka ukurasa gani.

Bado zina kazi au zimeshapitwa na wakati?

Zina kazi, ila sio kama 2010 ambapo ukinunua furushi la linki unaamka uko namba moja. Aprili 2012 Google ilileta Penguin, ikaanza kuziangusha saiti zilizojijaza linki za uongo, na Septemba 2016 Penguin ikaingizwa kwenye mfumo mkuu wenyewe, ikawa inafanya kazi muda wote na badala ya kukuangusha mara nyingi inaipuuza tu hiyo linki mbovu. Kuanzia Desemba 2022 wamesema wanatumia SpamBrain, mfumo wao wa akili mnemba, kuzizima linki za spamu.

Maoni yangu: inategemea unapigania maneno gani. Ukiandika Kiswahili kuhusu kitu ambacho watu wachache wameandika vizuri, unaweza kukaa ukurasa wa kwanza bila linki hata moja, nimeona mara nyingi. Lakini ukitaka mzungu akitafuta safari ya Serengeti kwa Kiingereza akuone wewe, unapambana na makampuni ya Ulaya na Marekani yenye saiti za miaka ishirini, hapo bila linki utasindikiza wenzako.

Nikishea linki WhatsApp, Instagram na Facebook zinahesabika?

WhatsApp hapana, mle Google haingii. Instagram na Facebook linki zake kwa kawaida zina alama ya kuiambia injini isizihesabu kama mapendekezo (soma swali linalofuata). Usiache kushea lakini, maana watu wanakuja, na kati ya watu mia wanaokuja mmoja anaweza kuwa na blogu au ni mwandishi wa gazeti na akakulinki kwa hiari yake, hiyo sasa ndo inahesabika.

Hizi nofollow na dofollow mnazozisema ni nini?

Kwenye kodi (code) ya linki mwenye saiti anaweza kuweka `rel="nofollow"`, maana yake "nimeweka linki lakini sijamdhamini huyu". Ilianza 2005 kwa makubaliano ya Google, Yahoo na MSN kwa sababu watu walikuwa wanajaza spamu kwenye komenti za blogu. Septemba 2019 Google ikaongeza mbili, `sponsored` kwa linki zilizolipiwa na `ugc` kwa zile zilizowekwa na watumiaji kama kwenye majukwaa na komenti, na ikasema zote hizi sasa inazichukulia kama dokezo tu, sio amri.

"Dofollow" hakuna alama ya namna hiyo, ni jina la mtaani la linki ya kawaida isiyo na alama yoyote. Ukitaka kujua linki ni ya aina gani fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza kulia juu ya linki, chagua Inspect, utaiona kodi yake.

Na usiidharau nofollow. Saiti iliyokaa miaka mitano halafu linki zake zote ni "dofollow" safi bila hata moja ya nofollow mimi ndo huwa naishtukia, watu wa kawaida hawalinki hivo.

## KUPATA DATA

Nazionaje linki zangu bila kulipa hata mia?

Anza na Google Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye saiti. Ukishathibitisha kwamba saiti ni yako, shuka kwenye menyu mpaka "Links". Utaona kurasa zako zinazolinkiwa sana, saiti zinazokulinki sana, na maneno yaliyotumika kwenye linki. Jedwali lenyewe linaishia mistari 1,000, lakini juu kulia kuna kitufe cha kutoa nje linki, pale chagua zile za karibuni, maana zinakuja na tarehe na tarehe ndo utakayoihitaji baadae. Faili linaweza kufika mistari 100,000, saiti nyingi za huku hazifiki hata robo.

Baada ya hapo fungua Bing Webmaster Tools, ni bure na ina sehemu ya bakilinki ambayo wengi hawaijui. Halafu Ahrefs, kampuni ya programu za kuchambua linki, wana akaunti ya bure kwa ajili ya saiti yako mwenyewe, inaitwa Ahrefs Webmaster Tools, ipo tangu 2020. Chukua mafaili yote matatu, yaunganishe kwenye Excel, futa yanayojirudia. Kwa biashara ndogo inatosha kabisa, usilipe kitu.

Mbona namba za Search Console, Ahrefs na Semrush hazifanani hata kidogo?

Kila mmoja ana roboti yake inayozunguka mtandaoni na kila mmoja ana namna yake ya kuhesabu. Mwingine anaendelea kukuhesabia linki ambayo ukurasa wake ulishafutwa, mwingine anaitoa fasta. Search Console nayo haikupi zote, inakupa sampuli, na humo zimo za nofollow na hata zile ulizozikana (ulizoiambia Google isizihesabu), kwa hiyo kitu kuonekana kwenye ripoti hakumaanishi Google inakihesabu.

Usikae kuuliza nani mkweli. Chagua programu moja ya kufuatilia mwenendo, mwezi kwa mwezi, namba za programu moja zilinganishe na za programu hiyohiyo.

Naweza kuona linki za mshindani wangu?

Ndio, na hapo ndo patamu. Search Console haitakusaidia, ni ya saiti yako tu, ila Bing Webmaster Tools inakuruhusu kuweka saiti nyingine na kulinganisha bure, na Ahrefs, Semrush, Moz na Majestic zote zinaonyesha za mtu yeyote ukilipia (bure wanakuonjesha chache). Zamani kulikuwa na kujaribu kuandika `link:` kwenye Google, sahau hiyo, Google waliiacha 2017.

Kitu cha kutafuta sio orodha nzima ya mshindani. Chukua washindani watatu, tafuta domeni zinazowalinki wawili au wote watatu lakini wewe hazikulinki. Saiti iliyowataja washindani wako wawili inaonekana wazi inataja biashara za aina yako, kwa hiyo kumwandikia mwenyewe sio kubahatisha. Kampuni za Arusha nilizowahi kuangalia mara nyingi unakuta vitu vya wazi kabisa: saraka ya wanachama wa TATO (chama cha makampuni ya utalii Tanzania), saiti za kulinganisha safari, blogu za wapanda mlima, hoteli ambazo tayari wanapeleka wageni huko kila wiki na hawajawahi kuomba hata wawekwe kwenye ukurasa wa washirika.

DR yangu ni 12, nimekwisha?

Hujakwisha. Hizi ni alama za kukadiria nguvu ya linki za saiti: DR ni ya Ahrefs, DA ni ya Moz, Authority Score ni ya Semrush, Trust Flow ni ya Majestic, hamna hata moja ya Google. Google ilikuwa na yake ya kuonyesha watu, ile PageRank ya 0 mpaka 10 kwenye upau wa zana (toolbar) wa kivinjari, ikaifunga 2016, tangu hapo yote mnayoyaona ni makadirio ya makampuni mengine.

DR yenyewe haipandi kwa hatua sawa, kutoka 10 kufika 20 ni rahisi mno ukilinganisha na kutoka 70 kufika 80. Na inachezewa, kuna watu wanauza kukupandishia DR kwa linki za hovyo, namba inapanda, wateja hawaongezeki. Mimi naitumia kwa kitu kimoja tu, kupanga orodha ndefu ili nianze na zinazoonekana za maana, baada ya hapo nafungua saiti kwa macho yangu.

## KUCHAMBUA SASA

Nimeshapakua faili, lina mistari elfu mbili, naanzia wapi?

Kwanza punguza. Toa domeni kutoka kwenye kila anwani, futa zinazojirudia, mistari 2,000 inaweza kugeuka domeni 150 hivi. Hapo unaweza kukaa na chai ukazipitia moja moja, na ndivo inavotakiwa, usimwachie programu ikuamulie kila kitu.

Kwa kila domeni fungua ukurasa wenyewe wenye linki yako. Najiuliza hii saiti ina watu au ni ghala la makala? Ukiona makala ya kamari, chini yake ya mikopo, chini yake ya dawa za nguvu za kiume, halafu ya safari za Tanzania, na mwandishi wa zote anaitwa "admin", hiyo ni saiti ya kuuza linki, haina msomaji hata mmoja. Halafu naangalia mada, je inahusiana na ninachofanya? Blogu ndogo ya mama mmoja wa Uholanzi anayeandika kusafiri na watoto Afrika Mashariki ni bora kwangu kuliko saiti kubwa ya habari za magari ya India, hata kama programu inasema ya India ina DR 60. Naangalia linki ipo wapi, katikati ya aya ambapo mtu anaisoma na anaweza kubonyeza, au imerundikwa chini na wenzake mia mbili. Na naangalia imepelekwa ukurasa gani wa kwangu.

Hilo la mwisho watu wanaliruka na ndo linalotoa pesa haraka. Ukikuta linki zote zinaenda ukurasa wa mwanzo na hakuna hata moja inayoenda ukurasa wa bei za Kilimanjaro unaotaka uonekane, basi hapo umeshapata kazi ya kufanya: weka linki za ndani kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda huo wa bei, na ukiomba linki mpya omba iende huko. Na ukikuta linki nzuri inaenda ukurasa ulioufuta, ruka moja kwa moja mpaka swali la linki zilizopotea.

Kwenye Excel naweka safu moja tu ya uamuzi: nzuri, kawaida, mbovu, ya kurekebisha. Ukianza kutoa maksi za asilimia utamaliza mwezi na hujafanya kitu.

Maneno ya kwenye linki yanatakiwa yaweje?

Yachanganyike. Saiti ya kawaida linki zake nyingi zinatumia jina la biashara, nyingine anwani tupu, nyingine "bofya hapa" au "hawa jamaa", na chache zina maneno unayotaka kuonekana nayo. Hivyo ndivyo watu wanavyolinki wasipopangiwa.

Ukiona nusu ya linki zako zinasema neno kwa neno "best Kilimanjaro tours cheap" kuna mtu alikufanyia hiyo kazi kwa malipo, labda yule mtaalamu wako wa zamani. Hakuna asilimia rasmi ya kwamba ukizidi hapa unaadhibiwa, wanaotoa namba wanazitunga. Tumia akili, ukizisoma kwa sauti mfululizo na zikasikika kama wimbo mmoja, kuna tatizo.

Linki ya .ac.tz, .go.tz au .edu si ina nguvu zaidi?

Herufi za mwisho zenyewe hazina uchawi, Google wameshasema mara nyingi. Saiti za vyuo na serikali huwa zinalinkiwa na watu wengi wa maana, ndo maana linki yao inaweza kuwa nzuri, lakini ukurasa uliosahaulika kwenye saiti ya chuo ambao haulinkiwi na mtu haukupi kitu.

Na kuna waliojaribu kuutumia huu ujanja. Mwaka 2011 Overstock, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, lilikuwa linatoa punguzo kwa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo, na vyuo vinaweka linki zenye maneno lililoyataka, Google ikaliadhibu. Ukitaka linki ya chuo fanya kitu kinachowahusu, chukua wanafunzi wa utalii kwa mafunzo kazini, chuo chenyewe kitawataja washirika wake.

Linki zilizopotea, nazirudishaje?

Kuna za aina mbili. Ya kwanza ni kosa la kwako: linki bado ipo kwa mwenyewe ila inaenda ukurasa uliobadilisha anwani au uliufuta, mtu akibonyeza anakuta 404 (ukurasa haupo). Hizi ni za kuokota tu. Chukua orodha ya kurasa zako zinazolinkiwa, zipime moja moja, zilizokufa zielekeze kwa ridairekti ya 301 (amri ya kudumu inayompeleka mtu anwani mpya) kwenda ukurasa unaofanana nao. Usizirushe zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google huwa inazichukulia kama vile ukurasa haupo. Ukisahau ukurasa wa zamani ulikuwa na nini, utafute Wayback Machine, saiti inayotunza nakala za kurasa za zamani.

Ya pili ni upande wa pili, mwenye saiti kaitoa linki, au saiti yake yenyewe imekufa. Kaitoa, mwandikie kwa heshima umuulize, mara nyingi kabadilisha muundo wa saiti na hata hakujua. Saiti imekufa, hakuna cha kufanya. Kwa Tanzania utakutana na hili sana kwenye linki za kabla ya 2018, mwaka ule zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni zikataka wenye blogu wawe na leseni ya kulipia, blogu kibao zikazimwa, hata JamiiForums ilifungwa kwa muda mwezi wa sita. Domeni nyingine huwa zinachukuliwa na watu wengine kabisa zikiisha muda, kwa hiyo blogu iliyokuwa ya habari za mkoa unaikuta leo inatangaza kasino. Hiyo kwenye Excel ihamishe kutoka "nzuri" kwenda "mbovu" na usihangaike nayo.

Nichambue mara ngapi?

Saiti ndogo, mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Usisubiri miezi mitatu ukibadilisha domeni, ukibadilisha muundo wa saiti, au trafiki ikianguka ghafla.

## LINKI MBOVU NA ADHABU

Nimekuta linki za kamari na za Kichina, nimeingiliwa?

Kila saiti duniani inazo. Kuna roboti zinatengeneza kurasa za takataka kwa mamilioni na kuweka linki za saiti za watu bila kuulizwa. Mara nyingi Google inazipuuza na wewe zipuuze.

Kuwa makini na kitu kimoja tu: linki hizo zinaenda ukurasa gani? Kama zinaenda anwani ndani ya saiti yako ambayo hujawahi kuitengeneza, mfano ukurasa wa kuuza viatu kwa Kijapani, basi sio suala la bakilinki tena, saiti imeingiliwa kweli, mwite mtu wa seva leo leo.

Programu inasema nina "sumu" asilimia kubwa, nizikane zote?

Hapana! Hiyo alama ya sumu ni ya programu, Google haina kitu hicho. Nimeona watu wanachukua orodha nzima ya nyekundu wanaipeleka Google, ndani yake kuna blogu halali za wateja wao ambazo kosa lake ni kuwa ndogo na kuwa na muundo wa kizamani. Fuata utaratibu wa kufungua kwa macho niliouelezea kwenye swali la faili la mistari elfu mbili.

Sasa faili la kukana linki natumia lini na naliandikaje?

Google walilileta Oktoba 2012, na maelezo yao wenyewe yanasema litumike kama una linki nyingi za kutengeneza NA zimeshakuletea adhabu au ziko mbioni kuileta. Yani kama wewe au uliyemlipa mlinunua linki. Kwa wengine wote liache. Bing wao walishaliondoa la kwao 2023.

Kama kweli unalihitaji, ni faili la kawaida la .txt, mstari mmoja kitu kimoja:

```
# tulizinunua zamani, wenyewe hawajibu barua
domain:example.com
https://example.net/makala-ya-safari.html
```

Mstari wa `domain:` unakana saiti nzima na mara nyingi ndo unaoutaka. Wenye alama ya reli (#) mbele ni maelezo yako, Google hawausomi. Mwisho wa faili ni mistari 100,000 na MB 2. Mambo mawili yanawakwamisha watu: kwanza, ukipandisha faili jipya linafuta la zamani lote, kwa hiyo ukitaka kuongeza domeni mbili pakua la zamani, ongezea, ndo upandishe. Pili, halikubali saiti iliyosajiliwa Search Console kama domeni nzima, inabidi usajili na ile ya anwani kamili yenye https. Matokeo yanachukua wiki kadhaa, mpaka Google ipite tena kwenye hizo kurasa.

Nimeletewa ujumbe wa adhabu kuhusu linki, nafanyaje?

Huo ujumbe upo Search Console sehemu ya "Manual actions", maana yake ameangalia binadamu. Toa linki zote unazoweza kuzitoa, andikia wenye saiti na utunze ushahidi wa barua, zilizobaki zikane (swali lililopita), halafu omba wakuangalie upya na useme ukweli wote kilichofanyika. Ukijifanya hujui linki zimetokea wapi wakati kila moja ina maneno yaleyale, watakurudisha.

Kama trafiki imeanguka lakini sehemu hiyo inasema hakuna tatizo, huna adhabu ya namna hii. Tafuta sababu kwingine kabla ya kushika linki.

Mshindani anaweza kuninunulia linki mbovu ili niadhibiwe?

Kujaribu anaweza. Google wanasema mifumo yao imejengwa kuzipuuza, na kwa ninavyoona saiti nyingi zinazodai zimefanyiwa hivo tatizo lilikuwa kwingine kabisa, saiti nzito, makala za kukopi, au wenzao wameandika vizuri zaidi. Ukiona domeni mia za ajabu zimeingia wiki moja, zihifadhi kwenye faili zikiwa na tarehe, uendelee na kazi.

Kuna jamaa ananiuzia linki 500 kwa elfu hamsini, nichukue?

Usichukue. Kwa bei hiyo hamna mtu anayekuandikia kitu, ni roboti au saiti za ghala kama nilivyoeleza juu. Kununua linki ili upande ni kinyume na sera za Google, na wakubwa wameshaonja. Februari 2011 New York Times ilianika jinsi JC Penney, duka kubwa la Marekani, lilivyokuwa namba moja kwa vitu vingi kwa msaada wa maelfu ya linki kutoka mamia ya saiti, nyingi zisizohusiana nalo. Google ikaingilia, kwa utafutaji wa masanduku ya safari ya Samsonite likatoka namba 1 hadi 71 jioni moja. Februari 2013 Interflora, wauza maua wa Uingereza, walipotea mpaka ukitafuta jina lao wenyewe huwaoni, sababu ni makala za matangazo zenye linki kwenye magazeti ya mikoani.

Kulipia tangazo sio kosa. Ukidhamini mashindano ya mbio au ukalipia makala kwenye saiti ya habari, mwambie aweke `sponsored`, wateja watakuja na hutakuwa na cha kuogopa.

## KESI ZA PEMBENI

Nimehama kutoka .com kwenda .co.tz, linki zangu zimekufa?

Hazijafa kama umeweka ridairekti ya 301 ukurasa kwa ukurasa. Tumia na ile zana ya kubadilisha anwani ndani ya Search Console, na ridairekti ziache angalau mwaka, mimi nasema ziache tu moja kwa moja, gharama yake ni ya kulipia domeni ya zamani kila mwaka. Ukiiacha ikaisha muda mtu anaichukua na linki zako zote anaondoka nazo. Halafu zile linki kumi bora waandikie wenyewe wazibadilishe.

Ninunue domeni ya zamani yenye linki zake tayari?

Kama unataka jina na utaendeleza biashara ileile, chunguza historia yake Wayback Machine na maneno ya linki zake, ukikuta iliwahi kuwa kasino kimbia. Kama unataka linki tu ili uweke kitu kingine kabisa, tangu Machi 2024 Google wameliandika hilo wazi kwenye sera zao kama spamu.

Saiti yangu ina Kiswahili na Kiingereza, linki zote zinaenda Kiingereza. Ni tatizo?

Ni kawaida kwa utalii, wanaolinki wengi ni wageni. Weka `hreflang` (alama ya kwenye kodi inayosema ukurasa ni wa lugha gani) sawasawa kwenye kurasa zote mbili ili Google ijue ni ndugu, lakini usitegemee kwamba hiyo inahamisha nguvu ya linki, kazi yake ni kumwonyesha msomaji lugha yake. Unganisha kurasa mbili kwa linki ya kawaida inayoonekana. Na kama nilivyosema kwenye swali la "bado zina kazi", upande wa Kiswahili unaweza kusimama kwa maudhui yenyewe.

Mtu ametumia picha zangu za Ngorongoro, hiyo ni bakilinki?

Picha kuvutwa kutoka seva yako na kuonyeshwa kwake sio linki, inakula bando lako tu. Ila ni nafasi: tafuta picha zako kwa Google Lens, ukikuta saiti ya maana imeitumia bila kukutaja usianze na vitisho, mwandikie kwamba picha ni yako na anaweza kuendelea nayo akiweka linki ya ukurasa ilipotoka. Ukimwandikia mpe na anwani kamili unayotaka ailinki, maana usipompa ataweka ya Instagram.